Mshono Mlegevu

...na hapo sasa atameza mate, baada ya neno "mama yake" lazima ameze mate, atazame sakafu, awaache watu wangoje kidogo, ndipo aendelee, na kweli Soli akameza mate, akatazama sakafu ya chumba cha mikutano cha gereza kana kwamba amedondosha kitu kati ya miguu ya meza, akanyamaza, na ule ukimya ukatanda mpaka feni ya darini ikasikika ikikwaruza, na Mzee Redio kwenye kiti chake cha plastiki akajikuta anatikisa kichwa polepole kama mpishi aliyeonjeshwa mchuzi wa mwanafunzi wake, safi, safi kabisa, usiukimbilie, waache waive, na Mama Mwenyekiti wa kamati ya kuwaachilia wafungwa, mwanamke mwenye miwani ya kamba ambaye askari walisema alicheka mara moja utotoni na akajuta, akaivua ile miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio wake, akaipangusa tena, na miwani haikuwa na vumbi, Redio aliliona hilo, hakuna linalompita yeye katika mambo ya watu wanaotafuta pa kuyaficha macho yao, "mama yake alinisalimia asubuhi ile," Soli akaendelea, sauti iko chini lakini inafika mpaka ukutani, "na mpaka leo naisikia ile salamu," aah, ile salamu, ile salamu ilikuwa kazi ya mkono wa Redio mwenyewe, hakuna aliyejua kama mama wa yule mtoto aliwahi kumsalimia mtu asubuhi ile au alipita zake amenuna, lakini hadithi ilikuwa inataka salamu pale, inaililia salamu, na nani kama Redio wa kujua hadithi inalilia nini, mtu aliyeshika kipaza sauti kwenye harusi na misiba tangu ndevu hazijaota, aliyewaliza mabwana harusi, aliyewaliza wakwe wabishi, aliyewahi kumliza mpiga picha mpaka picha zote za keki zikatoka na ukungu, shule aliiacha mapema kwa sababu mwalimu hakupenda kushindana naye kuongea, na leo huyu hapa, mwanafunzi wake, fundi viatu ambaye alipoanza alikuwa hawezi kuomba chumvi mezani bila kutoka jasho, amewashika watu wa serikali mioyo yao kama anavyoshika kiatu magotini... na kando ya Redio mpwa wake, mtoto wa dada yake, daktari wa mambo ya akili za watu, amekaa wima na kalamu yake, kisigino kinagonga sakafu chini ya meza, tik tik tik, tangu mtoto alikuwa hivyo akiwa na hofu, na Redio alitaka kumnong'oneza, tulia mama, tumeshashinda, hawa wamekwisha.

Maana ni mpwa wake aliyemleta humu, usije ukadhani Redio alijipeleka gerezani kwa miguu yake, binti alikuja nyumbani siku moja akakaa jikoni akasema, "Mjomba, nina kazi yako, ya kuongea," na Redio akasema mama, umefika dukani kwenyewe, akasema, "Sio harusi, Mjomba, ni wafungwa, wale waliofungwa kwa kuwaharibu watoto na kuwaingilia wanawake kwa nguvu," na Redio akaiweka chini ile kijiko... kile kijiko, akamwuliza hao kuna cha kuwatibu au ni kufunga mlango na kusahau ufunguo uliko, na yule binti akacheka kwa uchovu akasema hata profesa wake wa chuoni anasema hivyohivyo, ila kwa maneno marefu zaidi, na yeye amejifunga kibwebwe kumwonyesha kwamba wapo wanaotibika, si wote, wapo, na utafiti wake unataka kila kundi la wafungwa liwe na mtu mmoja wa kawaida, si askari, si daktari, mtu wa mtaani, wa kuigiza nao, leo awe mwenye nyumba anayekataa kumpangisha mtu aliyetoka jela, kesho awe mwajiri, kesho kutwa awe baba wa mtoto, na Redio akaingia, kundi la viti kwenye duara, dirisha juu mno, wanaume wanaotazama viatu vyao, na siku ya kwanza tu alipoigiza baba wa mtoto alilia kwa nguvu mpaka akaanguka na kiti, wafungwa wakaangua kicheko, mpwa wake akamwita pembeni, "Mjomba, punguza, hapa hatutafuti machozi, anayelia na asiyelia mimi siwezi kuwatofautisha kwa machozi, nataka mtu ajue alianzia wapi, siku ile ilipokuwa bado siku ya kawaida, alifanya nini, halafu nini, halafu nini, arudi nyuma kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha njiani, akiijua njia ataijua atakapoanza kuipita tena," na Redio akaitika ndiyo mama, ndiyo mama, huku moyoni akisema mtoto amesoma sana huyu, lakini watu hawajui watu kwa njia, watu wanajua watu kwa machozi... na wakati huohuo, mbele ya kamati, Soli anasema, "giza likanishukia, nikafanya kitu ambacho," halafu anasita, vizuri, "kitu ambacho baba mzima hatakiwi hata kukiota," na dada yake Soli, mama mnene aliyekaa mwisho wa meza na mfuko wa viatu vipya magotini, akaanza kupenga kamasi kwa kilio, na Mama Mwenyekiti akamsogezea glasi ya maji bila kumtazama.

"Ukitoka utakwenda wapi?" akauliza afande mwenye mabega mapana, aliyekuwa amechoka tangu asubuhi, na Soli akasema kwa dada yangu, na yule dada akasema, "Chumba kipo, nimekipaka rangi mwenyewe, mtoto mdogo hakuna nyumba nzima, wangu wote wameshaoa, niko mimi na paka," watu wakatabasamu, na Soli akasema, "Nitakaa pale kibarazani, nitashona viatu, kazi nyingine sijui," na hapo, bila sababu, bila mtu kumgusa, ule mtikiso wa kichwa cha Redio ukasimama katikati, kichwa kikabaki kimeinama upande kama cha mtu aliyesikia jina lake likiitwa barabarani, kibarazani, nitashona viatu, hayo hayakuwemo, hayo hakuyafundisha yeye, na kile kibaraza cha dada anakijua, mtaa ule alisherehesha harusi, bwana harusi alichelewa mpaka wali... mpaka chakula kikapoa, Redio akakaa juani na kipaza sauti chake mfukoni, na kengele ya shule ikalia nyuma ya nyumba zile, na watoto wakamwagika, soksi nyeupe, viatu vyeusi, mamia ya viatu vyeusi, vingine soli imefunguka inapiga chini pa, pa, pa kama mdomo... hakuna mtoto nyumba nzima, alisema dada, na ni kweli, na hakuna mezani aliyeuliza nje ya nyumba anapita nani, afande ameandika, Mama Mwenyekiti amegeuza ukurasa, mpwa wake ameandika, na Redio akasikia kitu, si neno bado, sauti tu, sauti ya maji ya bomba yakigonga sufuria.

Bomba la nyuma ya jiko la gereza, pale walipokuwa wakiosha vikombe vya chai wakati wa mapumziko, Redio na Soli, kila wiki, kwa sababu Soli alishindwa kuongea kundini na wenzake walikuwa wameanza kumcheka, ati anasimulia kosa lake kama anasoma bili ya umeme, na daktari alikuwa anafikiria kumtoa, na Soli alikuja na kikombe mkononi akasema, "Mzee Redio, nifundishe kusema," na ni nani duniani angemwambia Redio neno hilo, Redio asiyeyuke, akamfundisha, shingo ivunje hivi, mikono iweke mbele, ukifika hapa meza mate, usitazame watu wakati wa neno zito, watazame baada yake, na wiki kwa wiki hadithi ikanenepa, ikapata salamu, ikapata giza, na kundi likanyamaza kumsikiliza, na daktari akaandika kwamba amepiga hatua, na Redio akatembea siku ile hadi kituo cha basi kifua mbele... lakini ile siku nyingine, ile siku ya sabuni kwisha, alikuwa ameiweka wapi siku ile, mbona inakuja sasa imevaa nguo zake zote, Soli ameshika kikombe hakioshi, maji yanamwagika bure, na anasema kwa ile sauti yake ya bili ya umeme, bila kumeza mate, bila kutazama sakafu, "Kuna kitu nataka kusema kesho kundini, sijawahi kumwambia mtu, hata hakimu, yule mtoto aliniletea kiatu nikishone, nikakishona vibaya, mshono mlegevu, makusudi, ili kifunguke tena arudi, akarudi, nikakishona vibaya tena, akarudi, mara ya tatu hapakuwa na mtu njiani," na Redio, mshereheshaji mkuu, bingwa wa kusoma nyuso, alifanya nini, alimwuliza kitu, alimshika bega, alikimbia kumwita mpwa wake, hapana, alikunja uso kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula, akasema, "Huo mshono utoe."

Utoe, alisema, kwa sauti ya ufundi, "mpaka hapa watu wako upande wako, ukileta huo mshono wote wanakukimbia, umeharibu kila kitu, giza linatosha, watu wanalielewa giza," na Soli akamtazama, akamtazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mtu kwenye bomba, kisha akasema, "Kumbe," akakisuuza kikombe, "sawa, Mzee," na kesho yake kundini akalileta giza, na wote wakanyamaza, na mshono haukutajwa tena, na Redio alimpa dole kwa chini ya kiti, dole, Mungu wangu, alimpa dole... na sasa ndipo anauona ule uso pale bombani, aliudhania uso wa shukrani, ulikuwa uso wa mtu aliyebeba mzigo mpaka mlangoni kwa mwenyewe, mwenyewe akachungulia akamwambia rudi nao, maana hiyo ndiyo iliyokuwa njia, mama, hiyo ndiyo njia uliyokuwa unaitafuta, alianzia hapo, siku ikiwa bado ya kawaida, kiatu, uzi, sindano, alikuwa ameipata mwenyewe, ameileta mkononi, dawa yako ilikuwa imefanya kazi, profesa wako na maneno yake marefu angenyamaza, na mimi mjomba wako niliikata kwa sababu haikuwa nzuri kusikiliza.

"Basi tumsikie na mtu wa mtaani," Mama Mwenyekiti akasema, na macho yote yakageuka, "wewe mzee umekaa naye kwenye kundi kipindi chote, sisi tunasoma makaratasi, wewe umemwona mtu, unamwonaje?" na afande akatania, "Mzee Redio leo amezimika," na mtu akacheka kidogo, na mpwa wake akamgeukia na lile tabasamu dogo la jikoni, tabasamu la mtoto anayemwonyesha mjomba daftari lake, na Redio akasema "Mimi..." na hapohapo akauona ule usiku... haukuwa usiku, ulikuwa mchana kweupe, kwenye gari, mpwa wake ameegesha kando ya barabara hawezi kuendesha, kwa sababu yule aliyemaliza mafunzo kabla ya Soli, yule mpole aliyekuwa akimsaidia kupanga viti, alikuwa amekamatwa tena, mtoto mwingine, na binti amelaza paji la uso kwenye usukani anasema, "Sikumwona, Mjomba, alikaa mbele yangu mwaka mzima na sikumwona," na Redio, badala ya kukaa kimya, alimsimulia kichekesho cha bwana harusi aliyekosea kanisa, na akacheka, yule binti, alicheka huku anafuta kamasi, na Redio akajipiga kifua kwamba yeye ndiye dawa... kwa hiyo ukisema sasa, ukisema waheshimiwa kuna mshono, mpwa wako anakufa hapahapa mezani, utafiti wake, jina lake, watasema mjomba wake mwenyewe alikuwa akiwafundisha wafungwa kulia, watafungua kila kundi, kila mfungwa aliyekaa na Redio, wale waliotibika kweli na wale wa sauti tu, hakuna atakayewatenganisha tena, na Soli atarudishwa ndani kwa kosa la kunisikiliza mimi, na usiposema, kibaraza, kengele, pa, pa, pa, soli imefunguka, "njoo mwanangu, lete nikuangalizie hicho," na nitakuwa wapi mimi siku hiyo, nitakuwa kwenye harusi ya mtu nimeshika kipaza sauti nawaambia watu wapige makofi.

Lakini pengine ametibika, pengine, kwa nini asiwe ametibika, mtu aliyelitamka jambo kama lile kwa hiari yake bombani, hakulazimishwa, hakubanwa, si ndiye mtu aliyefika, si ndiye, basi mtu yule yuko wapi, yumo mle ndani chini ya salamu na giza nililomvika, au aliondoka siku ileile nilipomfukuza, mtazame, mtazame usoni, wewe si unajua nyuso, na Redio akamtazama Soli, kweli akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na alichokiona ni shingo aliyoivunja yeye, mikono aliyoiweka yeye, macho yaliyoinuliwa baada ya neno zito kama yeye alivyosema yainuliwe, kila kitu pale usoni kilikuwa mali yake, alikuwa anatazama kioo cha ukutani kwake mwenyewe, na hapo lile wazo baya likaja taratibu likaketi kama mgeni aliyekaribishwa, kwamba huyu mtu alishindwa kuongea, na Redio akarudi kumtengeneza, wiki iliyofuata akashindwa tena, kidogo tu, mahali pengine, na Redio akarudi, na wiki nyingine tena, akarudi, akarudi kwa furaha, anakimbilia bombani na vikombe vyake, nani kama Redio... ulikuwa nini ule, unyonge wa mtu asiyejua kusema, au ulikuwa mshono, na hata ule mshono wenyewe alipomletea, alikuwa anatubu au alikuwa anapima uzi, aone huyu mzee ataukata au atauvuta, hajui, Redio hajui, na hakuna wa kumwuliza, kwa sababu akimwuliza Soli, Soli atajibu, na atajibu vizuri.

"Mzee?" Mama Mwenyekiti akasema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko alivyowahi kusikika, na mpwa wake akanong'ona, "Mjomba, sema tu unachokijua," unachokijua, mama, mimi mjomba wako nilijua kila kitu mpaka nusu saa iliyopita, na akatafuta neno, neno moja lisilo na mapambo, neno la bili ya umeme, akapekua kichwa kizima, na kila alilolishika lilikuwa limeshawahi kutumika harusini, "ndugu zangu" hapana, "kutoka moyoni" hapana, "nasema kweli" ndilo baya kuliko yote, hata "sijui" alijua namna ya kulisema likawatoa watu machozi, na koo limekauka kama ukuni, na glasi ya maji iko mbele ya yule dada mwenye mfuko wa viatu, viatu vipya, vyeusi, vya kamba, amemnunulia kaka yake, na Redio akameza mate kwa sababu alikuwa na kiu, akatazama sakafu kwa sababu hakuwa na pengine pa kutazama, na ukimya ukatanda, feni ikakwaruza, na akasikia kalamu ikiwekwa mezani, ya Mama Mwenyekiti, akasikia afande akivuta pumzi, akasikia kisigino cha mpwa wake kikiacha kugonga na mkono wake mdogo wa moto ukimshika goti, wameguswa, Mungu wangu, wameguswa tayari na hajasema kitu, akainua macho, na ng'ambo ya meza Soli alikuwa anamtazama, ametulia, kichwa kimeinama upande, anangoja mahali panapostahili kungojwa, halafu akamtikisia kichwa, polepole, mara moja tu, sasa, Mzee, sasa ndiyo useme...